Nukta Tatu Baada ya "Mtoto Wao"

Kaka Elia,

Bado nausikia mlio wa kidole gumba chako kwenye kitufe cha nafasi. Tap, tap, tap. Ulikuwa unakipiga ukiwaza, na mafaili yako yakajaa nafasi tupu, wewe uliyeandika fanksheni, kile kipande cha programu, ya kuondoa nafasi zisizotakiwa. Nilikucheka. Ukasema, "Nai, daktari naye huugua." Siku hizi mlio huo unanijia kazini, kutoka upande wa kiti chako. Nageuka. Hakuna mtu.

Tovuti yetu ya matangazo ya misiba na sendofu za mabinti wanaoolewa inaendelea vizuri. Vile vipande vyako vya programu vya kusafisha maandishi vinafanya kazi kama ulivyoviacha. Kimoja kinafuta nafasi za ziada, kingine kinakuza herufi ya kwanza ya kila jina. Uliniambia, "Wateja wetu wanaandika majina kama wanamwaga mahindi uani, sisi ni wa kuokota." Kila familia inapobonyeza "tuma", mikono yako inaokota. Mikono yako, Elia, na wewe upo Moshono chini ya migomba.

Ninachotaka kukuambia ni kuhusu ile fanksheni ndogo uliyoiita fupisha. Inachukua herufi mia moja na arobaini za mwanzo wa tangazo, inaweka nukta tatu, na hicho ndicho kinachoonekana ukurasa wa kwanza. Juu yake uliandika: "Usiguse hapa bila kuniuliza." Kwenye matangazo ya sendofu haikutusumbua. Lakini sisi hatutangazi kifo kwa kuanza na aliyekufa. Tunaanza na walio hai: baba, wajomba, mashangazi, ukoo. Marehemu anakuja mwisho.

Hatukuliona hilo mpaka ulipokufa.

Pumu ilikuchukua kwenye baridi ya Julai, na tangazo lako nililiweka mimi. Ukurasa wa kwanza ulisomeka hivi: "Familia ya Mzee Zakaria wa Moshono, pamoja na wajomba wa Akheri, mashangazi wa Terrat na ukoo wote, inasikitika kutangaza kifo cha mtoto wao..." Basi. Nukta tatu. Jina lako lilikuwa ng'ambo ya pili, kwa anayejua kubonyeza.

Mama yako hajui kubonyeza. Msibani alishika simu ya dada yako kwa mikono miwili, akasoma taratibu, akaniinulia macho. "Mwanangu, mbona Elia hajatajwa?" Shangazi mmoja akamwambia, "Mama Elia, acha hiyo simu." Hakuiacha. "Hajatajwa," akasema tena, na sauti yake ilikuwa na kitu kinachofanana na furaha. Sikumwonyesha pa kubonyeza.

Bosi alitaka irekebishwe wiki ile ile. Nikasema nitaangalia. Kila asubuhi nilifungua faili, nikasoma maneno yako, nikafunga. Nikuulize vipi? Ila si hilo tu. Na mimi nilikuwa nafungua lile tangazo lako na kuishia kwenye nukta tatu. Pale ulikuwa hujafa. Mtoto wao alikuwa amekufa, mtoto yeyote. Nilikaa kwenye nukta zile kama mtu aliyeegemea mlango usifunguke.

Halafu mzee mmoja wa Engutoto akapiga simu. "Binti, shida yangu ndogo. Hapa nimejisoma mimi, nimesoma na ndugu zangu wote, hata shemeji ambaye hatuongei. Mama yetu yuko wapi?" Nikamwambia ni mfumo. Akasema, "Basi mwambieni huyo mfumo, watu wanakuja kumzika mama. Hawaji kunizika mimi."

Wewe ungekuwa na jibu, ungemchekesha kwanza. Mimi nilikuwa nawaficha wafu wa watu ili nikufiche wewe.

Sitaacha kukutaja, Elia. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeshaianza. Jumatatu asubuhi nilifuta fupisha yote. Nimeandika nyingine, inayotafuta kwanza jina la marehemu na kuliweka mbele, halafu ndiyo inakata. Nilipoiwasha, matangazo yote ya zamani yakajipanga upya, na lako likiwemo. Nikalisoma mpaka mwisho wa jina lako.

Mchana nikaenda kwa mama yako. Nilimsalimia, nikakaa naye kwenye benchi la jikoni, nikampa simu yangu. Akasoma. Aliweka kidole juu ya jina, akakiacha pale muda mrefu, kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Nilibaki naye mpaka akanyamaza mwenyewe.

Lala salama, kaka yangu. Juu ya ile fanksheni mpya nimeandika kwamba mwenye swali aniulize mimi.

Nai