Mizinga Minane ya Mabruki

Mpendwa Bi Ummy, shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho na unijibu kwenye ukurasa wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ataitwa mtu jukwaani apokee cheti cha mkoa, na mtu huyo tulimzika mwezi wa tatu.

Mimi si mtu wa kutishika, hilo ulijue kwanza, nimetembea, nimeuza mitumba Kigoma, nimekaa Lubumbashi miezi miwili bila neno hata moja la Kifaransa na nikarudi na redio mbili, shule niliishia darasa la sita lakini nikalishe na wenye digrii uone nani atasikilizwa, na ndiyo maana wenzangu wa kikundi cha asali walinifanya katibu, nao ni Jilala, Mahona na dada yetu Tunu, na wa tano alikuwa Mabruki, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunatoroka madrasa pamoja, fundi wa nyuki kutushinda sote, mizinga yake ya zamani imetundikwa porini upande wa Ipole, kandokando ya ile njia waliyopita wapagazi wa misafara.

Basi ukaja mpango wa mkoa wa kuinua wafanyabiashara wadogo, mizinga arobaini ya kisasa, mashine ya kukamulia na mafunzo juu, sharti watu wasiopungua watano, na fomu zinafungwa Jumatatu. Alhamisi Mabruki akafariki kwa homa, Ijumaa tukamzika, Jumatatu nimeshika kalamu na jina lake lilikuwa limeshaandikwa, Bi Ummy, kazi yangu ilikuwa kulikata tu, mkono ukakataa, nikajiambia hata mwenyewe angecheka, nikapeleka fomu, tukapata.

Mafunzo yalifanyika ofisi ya kata, siku tatu. Afisa anaitwa Raymundi, kijana mgeni, hajui sura zetu, na ukumbini tulikuwa watu kama thelathini. Akaita, "Mabruki!" Nikainamisha kichwa, nikakaza koo: "Nipo!" Siku ya pili vilevile, Mahona akanifinya kwa kicheko. Siku ya tatu nilikuwa na muhogo mdomoni. Jina likaitwa, natafuna nimeze haraka, mara nyuma yangu mtu akakohoa, kile kikohozi cha tumbaku, mara mbili kama ilivyokuwa kawaida ya marehemu, akasema, "Nipo." Raymundi akatia alama bila kuinua macho.

Bi Ummy, mimi hukaa benchi la mwisho. Nyuma yangu ni ukuta. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani. Tunu, aliyekaa ubavuni kwangu, alikuwa amejimwagia chai yote kwenye kanga wala hakuhisi kuungua.

Tukagawana mizinga, minane kila mtu, na kwa desturi yetu kila mwenye mzinga huuchoma alama yake kwa moto, na mzinga wenye alama ya mtu hauguswi na mwingine hata asali ikidondoka chini, sasa ili mambo yaonekane sawa nikaichoma ile minane ya jina la Mabruki alama yake, mundu na nukta mbili, nikaisugua kwa nta niliyobandua kwenye mizinga yake ya zamani, nikaitundika kwenye miti yake. Imepita miezi minne. Mizinga yetu thelathini na miwili ni mitupu, ina buibui. Ile minane imejaa mpaka miti inavuma, ukiwa bado mbali unaisikia, na hakuna kati yetu anayethubutu kuivuna. Raymundi alipokuja kukagua alifurahi sana, akaandika ripoti, na mkoa ukamchagua Mabruki kuwa mjasiriamali bora.

Jina likasomwa redioni. Mjane wake, shemeji yangu Kuluthumu wa Ntalikwa, akanikuta sokoni nikiwasimulia wateja habari za Lubumbashi.

"Shemeji Uwesu, nimemsikia mwenzangu redioni."

"Shemeji, redio hizi nazo..."

"Wamesema Mabruki wa Ntalikwa, mfuga nyuki. Kwani wako wawili?"

Nikajitia kumhesabia mteja chenji, naye hakuwa amenunua kitu.

"Basi ukimwona huko porini," shemeji akasema, taratibu kama anayeagiza chumvi, "mwambie koti lake nimeshalitoa sandukuni, asubuhi kuna baridi. Na akija nyumbani asiwe anakohoa tu pale mlangoni halafu anaondoka. Agonge."

Sasa Mahona anasema nipande mimi jukwaani, afisa hajui sura, nani atajua? Jilala anasema tukifumbua mdomo mizinga yote na mashine vinaondoka, na Tunu ana wanawe wanne na aliacha kuuza vitumbua kwa ajili ya asali hii. Kofia ya Mabruki ninayo, shemeji alinipa kwenye matanga iwe ukumbusho. Jana nimeijaribu mbele ya kioo. Kichwa changu ni kikubwa kuliko chake, miaka yote kofia zake zilikuwa zinanikaa juu kama kifuniko cha birika. Jana ilinitosha.

Nifanyeje, Bi Ummy?

Uwesu, Tabora

*

Bi Ummy anajibu:

Marahaba, Uwesu. Ivue hiyo kofia kwanza, ndipo tuzungumze.

Umetembea mpaka Lubumbashi, umeshindwa kufika Ntalikwa kumwambia mwanamke mmoja ukweli. Mkono ulikataa kulikata jina la rafiki yako. Hapo nakuelewa, hata mimi nina namba za marehemu kwenye simu yangu na sizifuti. Lakini kumwitikia mtu mbele za watu kwa sauti ya kuigiza, siku mbili, wenzako wakifinyana kwa kicheko, na udongo wa kaburi bado mbichi? Ulikosa adabu, baba, na unajua.

Nyuki wasikutie kiwewe. Nimewauliza wanaowafuga: mbao mpya zina harufu ya karakana, nyuki huzipita. Ile minane uliisugua nta na kuitundika kwenye miti aliyoichagua mtu anayejua kazi. Mabruki aliijua miti, wewe uliijua Kigoma. Isugueni nta na hiyo mingine, muisogeze huko.

Leo, si kesho, nenda kwa Kuluthumu. Nenda na Tunu, maana yeye naye aliisikia ile sauti. Kaeni chini, mueleze yote tangu fomu hadi muhogo, na mizaha yako iache sokoni. Mrudishie kofia. Akimaliza kulia, au kukutukana, muulize kama atakubali kuwa wa tano. Alama ile ni ya nyumba yake. Yeye akiivuna hakuna desturi iliyovunjwa. Halafu kikundi kikae, muandike muhtasari, mtendaji wa kata athibitishe msiba, na wote watano mwende kwa Raymundi kabla ya Jumamosi. Mtaadhibiwa? Huenda. Huenda hata mashine ikachukuliwa. Afadhali ichukuliwe mkiwa watano mlio hai kuliko kubaki nayo mkiwa wanne na kofia. Ila sidhani kama huyo afisa atapiga kelele sana, yeye aliyetia alama bila kuinua macho.

Na ninyi wakubwa wa mkoa mnaosoma ukurasa huu: mizinga mmeleta, asanteni. Sasa mleteni na afisa anayekaa na hao watu, anayejua nani kajifungua na nani kazikwa. Fomu yenu ingekuwa na mahali pa kuandika "mwenzetu amefariki, tupeni wiki mbili," Uwesu asingekuwa ananiandikia. Ukimfungia mtu mlango siku ya tatu ya msiba, atampitisha maiti wake dirishani.

Kuhusu ile sauti, Uwesu, sina jibu, na sitajifanya ninalo. Ninachokwambia ni hiki. Jumamosi jina la Mabruki lisomwe mara moja tu, neno marehemu likilitangulia, kisha Kuluthumu apande apokee. Wewe kaa benchi la mbele, mdomo wako umefungwa. Na mtu akikohoa nyuma yako, usigeuke.

Muache mkewe ndiye ageuke.