Tiketi Aliyonikatia Shemeji

Tunduma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imekupa nafuu na mama anaendelea vizuri. Mimi na watoto ni wazima, ila baridi ya huku inatutesa na moyo wangu haujatulia. Barua hii nimempa jirani yangu, Mama Tusekile, aiposti akifika Vwawa, maana sitaki shemeji Shabani aione.

Tangu tumzike mume wangu, Shabani amekuwa mwema kupita kiasi. Analeta sukari, anawabeba watoto, anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mama Tusekile akaniambia, "Uwe macho, dada. Huyu anakuchekea mno." Kwanza alichukua funguo za duka letu la vitenge, akisema mwanamke aliye kwenye eda hatoki nje, ingawa duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara tu. Nilimwachia, lakini hasira nilikuwa nazo.

Juzi akaja na shehe wa msikiti wetu na wazee wawili, mkononi ana tiketi ya basi. Eti nimechoka, niende Kondoa nikapumzike kwetu, nyumba ataiangalia yeye. Hapo nikamwelewa. Nikiwa nyuma ya pazia nikamuuliza kwa adabu, "Shemeji, eda imenikataza kuvuka barabara kwenda dukani. Kwenda Kondoa imeniruhusu lini?"

Akakohoa. Nami nikaeleza kama ulivyotufundisha madrasani kwako: mjane hukaa eda katika nyumba aliyoishi na mumewe, na mirathi ina mafungu yake, mimi na wanangu tumo. Shehe akasema, "Huyu mama kasema kweli. Shabani, mrudishie funguo zake." Amezirudisha, tena akitabasamu. Nimeshabadilisha kufuli.

Lakini wenzake walipotangulia nje, aligeuka mlangoni. "Unabishana bure, shemeji. Baba yako mwenyewe amekubali uende. Tumeshaandikiana."

Baba, sikumwamini. Halafu nikaanza kumwamini, ndipo nikashika kalamu. Shabani nilimjibu kwa elimu uliyonipa wewe. Kwa hili sina jibu. Je, ulikubali? Kama ulikubali, niandikie ni kwa hoja gani, nami nitakujibu kwa heshima zote.

Nisalimie mama, shangazi aliyenilea, na kaka Iddi. Kaka mwambie asifunge safari kuja kunichukua.

Ni mimi mwanao na mwanafunzi wako, ambaye hapa hatoki,

Zuhura