Sumaku Niliyoichoma Makongolosi

Mbalizi

Mjukuu wangu Tumaini,

Hujambo huko maabara? Sisi wazima. Mama yako amevuna viazi, na ng'ombe wetu amezaa jike.

Umeniuliza, kwa aibu, kama niliwahi kuharibu kitu cha watu, maana umekipasha moto kipande chako cha utafiti na usumaku wake umetoweka. Nimecheka mpaka shangazi yako akaja kuniangalia.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, tulisafisha dhahabu Makongolosi. Ilibaki kwenye karai pamoja na mchanga mweusi, ndipo baba alipopitisha juu yake sumaku aliyoazima kwa jirani, mchanga ukavutwa. Yeye aliifunga kitambaa kwanza. Siku niliyoishika mimi, sikuifunga. Mchanga ukaing'ang'ania kama manyoya, nikaitia kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu. Mchanga ulidondoka wote! Nikajisifu sana. Ilipopoa, haikuokota hata sindano.

Baba akasema, "Kamwombe radhi mwenyewe."

Mwenyewe, yule jirani, alikuwa kijana wa Iringa, Mhehe mpole. Aliigeuzageuza, akauliza, "Umeifanyaje? Hebu nionyeshe." Hakugomba, alitaka kujua. Kesho yake akaja kutufundisha kupuliza mchanga mkavu kwa mdomo, polepole, dhahabu ibaki. Akaendelea kuja, hata siku ambazo hatukuwa na mchanga.

Huyo ndiye babu yako.

Basi andika vizuri ulivyokiunguza hicho kipande, kisha unieleze nani alikuja kutazama.

Bibi yako,
Tusajigwe