Kompyuta ya Baba Yako na Kifaa Kimoja Kilichobaki

Mwakingali,
S.L.P. 412,
Voi.

14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Griffin,

Pokea salamu zetu kutoka Voi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umevaa soksi, maana dada yako Moureen anasema huko Poznan baridi imeshaanza kubisha hodi. Sisi hatujambo. Magoti yangu yananisumbua kama kawaida, mvua bado, na wiki jana ndovu walipita nyuma ya nyumba ya jirani wakamwangushia mipapai. Habari za kazi? Habari za mgongo? Dereva huanza kuzeeka mgongoni, hilo nililijua kwa baba yako.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye group ya familia nikiandika neno moja watu wote hujibu kwa vikatuni, na jambo lenyewe hupotea. Moureen ataipiga barua hii picha akutumie. Nimemwambia asiisome. Ataisoma.

Kwanza afya ya baba yako. Kidonda kimepona vizuri, sukari imetulia, na magongo ameyazoea kiasi cha kufukuzia kuku. Shida ilikuwa kimya. Wewe unajua cha kwako: tangu uende hajashika simu yako, ikilia ananisukumia mimi. Lakini usidhani ulionewa peke yako. Sisi tunaoishi naye alitugawia maneno kama dawa: leta maji, zima redio, sina njaa. Mtu aliyeendesha lori kati ya Mombasa na Malaba tangu ujana wake alikaa hapa kwangu akitazama ukuta. Niliogopa, Griffin. Niliona ndugu yangu anatuondokea huku ameketi.

Yeye bado anaamini ni barabara iliyomla mguu, si sukari. Ndiyo maana ulipoacha ualimu ukaenda kuendesha malori ya Wazungu, naye ametoka tu hospitali, aliona umekwenda kuipelekea barabara kiungo kingine cha ukoo huu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mambo yaligeuka, aliyepoteza guu ni mkuu mwenyewe, nawe uko huko na miguu yote miwili. Hilo sijamwambia usoni.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa nne nilimpeleka kwa Linet, yule mama fundi wa simu na kompyuta karibu na soko, amtazamie simu yake. Tulimkuta anaijaribu kompyuta ya mteja kwa mchezo wa malori. Baba yako alikitazama kioo kile kwa muda mrefu, halafu akasema, "Huyo amechelewa kupunguza gia." Yalikuwa maneno mengi kuliko ya wiki nzima. Linet akampisha kiti. Nilienda sokoni nikarudi, nikamkuta anaendesha kwa vidole, amekunja uso kama aliye kwenye mteremko wa Salgaa na mzigo wa saruji. Njiani tukirudi akaniambia anataka mashine kama ile. Tangu akatwe mguu alikuwa hajaomba kitu.

Kwa hiyo nikaita kikao. Baba yako mdogo Festus alitoka Taveta, Moureen akawa kwenye simu kutoka Nairobi, na mimi nikawa mwenyekiti kwa sababu viti ni vyangu. Unajua tangu ile pesa ya tanki la maji igeuke vitunguu kwa Festus kule Salaita, sisi hatuchangi tena taslimu. Tunachanga vitu. Kwenye msiba mmoja huleta mahindi, mwingine sukari, mwingine kuni, na watu hula wakashiba. Tukaona kompyuta nayo itakuwa hivyo hivyo. Festus akachukua prosesa, ambayo alisikia ndiyo ubongo. Moureen akachukua ile bodi kubwa inayobeba kila kitu. Mimi nikachukua kasha.

Tulipofika kwenye kadi ya picha, ambayo ndiyo ghali kuliko vyote, watu wakaanza kutazama vikombe vyao. Kitu kikubwa huwa ni cha mtoto wa kwanza, hilo halihitaji kusemwa. Baba yako alikuwa chumba cha pili, tukidhani amelala. Sauti yake ikatoka mlangoni: "Huyo msimwulize." Hatukukuuliza. Ndiyo sababu hukupata habari hizi mapema, usimlaumu dada yako.

Mkono mtupu haulambwi, na kila mtu alileta alichoahidi. Kumbe sukari yoyote huingia chai yoyote, lakini prosesa yoyote haiingii bodi yoyote. Ya Festus ilikuwa ya kampuni moja, bodi ya Moureen ya kampuni nyingine, na kampuni hizo haziamkiani. Festus aliishika prosesa kwa vidole vyake vya vitunguu akamwambia Linet, "Finya tu, itaingia." Linet akamnyang'anya. "Baba, hii ukifinya, utakuwa umenunua kete ya bao."

Nami sikubaki nyuma. Nilikuwa nimenunua kasha lenye vioo pande tatu na taa zinazobadilika rangi, zuri mpaka nikalifunika kitambaa. Linet aliniuliza kwa adabu hewa itapitia wapi. Nilitazama, nikaona kweli halina pa kupumulia. Alisema kwa joto la Voi na vumbi letu hili jekundu, mashine itaiva kabla ya kimanga changu cha muhogo. Sasa kasha lile lina vifaranga. Balbu moja inawatosha na nawaona vizuri nikiwa nimeketi. Watu husema mchagua jembe si mkulima. Waliosema hivyo hawakuwahi kununua kompyuta.

Baada ya hapo tulimwachia Linet, na Festus akaambiwa anyamaze. Prosesa yake ilirudishwa dukani, ikapatikana ya mtumba inayoelewana na bodi ya Moureen. Haina nguvu sana, lakini inaweza kutoa picha yenyewe bila kadi, ili mashine isiwe kipofu. Diski ilitolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyokufa. Skrini ni televisheni yake mwenyewe ya chumbani. Kasha jipya ni la bati, lina matundu kama chekecheke na sura mbaya, na hupumua vizuri.

Mahali ambapo Linet alikataa kabisa kubana ni pawa saplai, kile kifaa cha kuwagawia wenzake umeme. Alisema stima ya huku ikipotea hurudi na hasira, na kifaa hicho kikiwa cha ovyo kitakufa na wenzake wote. Hilo nilikubali. Nilichouliza ni kwa nini achague yenye nguvu kuliko mashine inavyohitaji, na bajeti yetu anaijua. "Hii ni ya ile kadi, shangazi," alisema. "Siku ikija isikose pa kula." Nikamwambia hakuna kadi inayokuja. Akasema sawa, na akanunua hiyo hiyo.

Usukani tuliupata Mombasa, wa mtumba pia. Ulikuwa rahisi kwa sababu una pedali mbili tu, mafuta na breki, hauna klachi, na vijana hawautaki. Niliogopa kumwonyesha. Baba yako alizitazama pedali, akatazama mguu wa kushoto unapoishia, akasema, "Mbili zinatosha. Huu mguu umeanza kutupunguzia gharama." Festus alicheka mpaka akaona aibu. Mimi pia nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia kidogo. Hilo nakuambia wewe tu.

Siku ya kuiwasha alivaa shati la pasi na ile kofia yake ya safari. Kabla Linet hajafunga kasha, aliinama akachungulia ndani kama anayekagua injini, akagusa nafasi moja iliyokuwa tupu. "Hapa panaingia nini?"

"Kadi ya picha, mghosi," Linet alimjibu, kwa neno letu la kumheshimu mzee. "Bado."

Akaondoa kidole. Linet akafunga.

Sote tulidhani anataka Mombasa Road yake. Festus alikuwa amehangaika mpaka akapata kijana wa kuweka barabara za Kenya ndani ya mchezo, ili mzee apite tena Mtito Andei na Kibwezi. Baba yako alimshukuru, akasema barabara hiyo anaijua. Kisha akamuuliza Linet kama kwenye ramani ya Wazungu kuna mji unaoitwa Poznan. Aliutamka vibaya, lakini alikuwa nao. Mimi sijawahi kumtajia mji huo, na Moureen ameapa hajawahi. Nadhani alikuwa ananisikiliza ninapoongea nawe kwenye simu, huku amejifanya anatazama ukuta.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya chai anaenda kazini. Kazini ndilo neno lake. Ameshabeba mbao, maziwa na vyuma. Hupita upande wa kulia kwa shingo upande, akisema huo ni upande wa watu wasio na adabu, lakini hazidishi mwendo, na akichoka huegesha lori, huja jikoni kula, akarudi. Sasa anaongea. Anaongea kupita kiasi, kusema kweli. Mvua ikinyesha kwenye skrini huniuliza kama malori yenu huwa na matairi ya baridi, na kama tajiri wako anawaruhusu kulala. Mimi nitajuaje? Nilimwambia akupigie akuulize mwenyewe. Akasema yuko barabarani, na dereva hashiki simu.

Kwako hajafika. Shida ni picha. Linet alishusha kila kitu ili mashine isilemewe, kwa hiyo miti ni madoa ya kijani, na vibao vya barabarani havisomeki mpaka lori limevipita. Kuna mshale wa kumwelekeza, ameuzima. Anasema dereva anayefuata mshale hawezi kurudi peke yake. Basi huivuka Ujerumani vizuri, akikaribia kwako anakosa njia ya kutokea, anajikuta ameelekea mji mwingine, na siku hiyo hatuli kwa amani.

Moureen alipoona hivyo alimwambia baba yako atainunua kadi yeye. Akakataa. Festus naye, ambaye vitunguu vimemkubali msimu huu, akajitolea mbele ya mashahidi, jambo ambalo sitaliona tena. Akakataa. Nilidhani ni ukaidi ule ule wa siku zote, nikamwacha.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani nilimkuta amesimamisha lori kando ya barabara, chini ya kibao. Ameinama mpaka pua inakaribia kioo, anajaribu kukisoma. Nikaketi kuchambua mboga. Akasema bila kugeuka, "Hiyo kadi ni ya Griffin. Mwambie."

Nikamkumbusha ni yeye aliyetukataza kukuuliza. Akasema, "Nilisema asiulizwe. Sasa nasema aambiwe."

Basi nimekuambia. Linet anasema isiwe ndefu sana kwa sababu kasha letu ni fupi, iwe na feni mbili, na ya mtumba inafaa ilimradi si ile iliyochoshwa na watu wanaochimba sarafu za mtandaoni. Anasema usijitie gharama ya kadi kubwa, prosesa yetu haitaweza kwenda nayo. Usilete maringo, mwanangu, leta kitu kinachoingia. Kama huelewi lolote katika haya, mpigie Linet. Mimi nimeandika alivyosema, kama karani.

Moureen anakusalimu, na kwa kuwa anasoma hapa, ajue namwona. Festus na mkewe Mbinya wanakusalimu kutoka Taveta, na Mbinya anauliza kama kweli huko vitunguu huuzwa kimoja kimoja. Wasalimie wote unaoishi nao, hata wale wasiojua sisi ni kina nani. Mungu akulinde njiani, akushike macho wakati wa usingizi, na kila jioni akufikishe mahali pa kuegesha.

Salamu za baba yako sina, kwa sababu hakunipa. Nilimuuliza kama uitume kadi kwa posta au kwa mtu anayekuja. Alizima lori kwanza, akavuta breki, akavua kofia akaiweka juu ya goti.

"Kitu kama hicho hakitumwi," alisema. "Kitavunjika njiani. Aje nacho."

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Mkamburi