Draiva Iliyokuwa Ikijijibu

Shoga, weka chini hicho kikombe. Nimekwisha.

Unaijua ile draiva yangu, programu ya ndani kabisa ya kompyuta inayosikiliza nyaya ambamo injini na breki za gari hupiga soga? Leo Bibi Kasoro, mkaguzi wetu wa programu, kaikagua.

Kasoma kimya, kashusha miwani. "Mwanangu, mbona umeacha hali ya kujijaribu imewashwa?"

Nikamwambia, "Ndiyo maana majaribio yote yamefaulu, bibi!" Nikacheka. Peke yangu.

"Hali hiyo haitumi kitu kwenye waya. Kadi inayounganisha kompyuta na waya inajiuliza, inajijibu."

INAJIJIBU, shoga! Wiki zote zile nashangilia, kumbe nampongeza kichaa anayeongea peke yake!

Tukaizima hiyo hali, tukaichomeka kadi kwenye gari la ofisi. Kimya. Hata breki hazikutusalimu.

"Unaweza kuirekebisha?"
"Naweza, bibi."
"Kufikia kesho?"
Hapo nikaangalia saa.

Maana kesho asubuhi mteja anakuja na gari lake kuijaribu draiva, na asiporidhika kitengo chetu kinafungwa, sote nje.

Sasa hivi bosi, ambaye hajui lolote, kapita mlangoni, kanionyesha dole gumba.

Nami nikamwonyesha langu.