Tumbo Linakua na Mume Wangu Hayupo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nyumbani hukumu imeshatoka. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka thelathini na mbili na mtoto mmoja wa miaka miwili niliyemzaa kwa upasuaji, na mume wangu ni fundi umeme, yuko mradini mbali, huu mwezi wa saba hajarudi. Alipotimiza miezi mitatu huko nikaanza kuhisi kitu kigumu tumboni, upande mmoja karibu na mshono, nikadhani ni ukingo wa meza ya cherehani unanibana, nikahamisha kiti, lakini kikazidi kukua mpaka gauni likavutika mbele, na hapo ndipo wifi yangu, ninayeishi naye pamoja na mama mkwe, akanitazama nikitoka kuoga akasema, "Wifi, hongera. Kaka anajua?"

Nilicheka, mshauri, na kicheko kile kiliniponza, akakichukua kama jibu. Nikanunua kipimo cha mimba nikapima mbele yake, hakikuonyesha kitu, akasema vipimo vya dukani vina uongo wake. Kesho yake mume wangu akapiga simu, hakunisalimia, aliuliza tu, "Ni ya nani?" Nikaapa, nikalia, akakata. Mama mkwe hajanitukana hata neno moja, ila ameacha kula nami meza moja, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Nikaenda hospitali peke yangu. Daktari, mwanamke mpole, akanipima kwa ultrasaundi akasema, "Dada, kizazi chako hakina kitu. Huu uvimbe uko kwenye msuli wa ukuta wa tumbo." Nikamuuliza kama ni saratani, akasema kwa macho hawezi kujua, lazima achukue kipande kwa sindano kiende maabara, ila kuna uvimbe mmoja adimu usio saratani ambao huwapata wanawake waliojifungua miaka ya karibuni na huenda ndio huo. Huenda! Nilipomsimulia mwenzangu wa kazini akaniambia shangazi yake alichomwa sindano hiyohiyo na hakumaliza mwaka, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Siku niliyopangiwa sindano ilipofika nililipita geti la hospitali nikaenda zangu kazini. Nikikutwa na saratani mtoto wangu atabaki na nani, nisipokutwa nayo nani ataniamini, na sasa mume wangu anasema akirudi mwisho wa mwezi anikute na ukweli au anikute nimefungasha. Nifanye nini?

— Mwanamke asiye na mimba

*

Dada yangu, pole. Kuumwa ni mzigo, kusingiziwa ni mzigo, na wewe umejitwisha yote miwili kichwa kimoja.

Sasa nikugombeze. Daktari kakwambia kweli, hajui, na ndiyo maana anataka kipande. Uvimbe adimu kama huo hautambuliki kwa kupapasa, na hata kwenye picha unaweza kufanana na saratani. Maabara ndiyo husema. Shangazi wa mwenzako simjui, Mungu amrehemu, lakini ugonjwa ulikuwa mwilini kabla ya sindano. Unaogopa jibu, unaisingizia sindano! Rudi kesho, usimsubiri mume. Na usiende peke yako. Nenda na mama mkwe. Mtu aliyenyamaza bado hajaamua. Wifi ndiye aliyeamua, mwache nyumbani.

Wasomaji, dada huyu alitaja namba yake nami sikungoja gazeti, nilimpigia nikamwambia hayohayo. Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yake. Mama mkwe alisikiliza akiwa anachambua mchele, akaweka ungo chini, akasema, "Ngoja nivae viatu." Chumbani kwa daktari aliona kizazi kitupu kwenye ultrasaundi kwa macho yake. Alimshika mkono mkwewe wakati wa sindano, wakarudi pamoja siku ya majibu. Si saratani. Ni huo uvimbe adimu, madaktari wanauita desmoidi. Hausafiri kwenda viungo vingine, lakini ni mkaidi, unaweza kukua na kubana vilivyo jirani, na mara nyingine husinyaa wenyewe. Kwa hiyo hawakukimbilia kisu. Watauangalia kwa picha kila baada ya miezi mitatu.

Mama mkwe aliomba simu pale pale kwenye korido. "Mwanangu, mkeo mgonjwa, na sisi tulimfanya mhalifu. Mimi nimeshamwomba radhi. Zamu yako."

Dada, tarehe ya picha usiikose hata cherehani zote zikusubiri, na maumivu yakizidi usingoje tarehe. Mume wako amesema anarudi wiki ijayo. Kumsamehe siku hiyo au baadaye ni juu yako, usiharakishwe na mtu. Lakini kwenye picha ijayo aje, akae kwenye benchi la wagonjwa, ashike mkoba wako, asubiri jina lako liitwe.