Bangili ya Bibi ya Nkuba

Mama,

Wenye kuandika barua wanaanza kwa kuuliza habari. Mimi sikuulizi. Kila muntu hapa Bihambwe anajifanya anazijua habari zako kuliko mimi. Papa Yeremia, katekista wetu, anasema uko na Bikira Maria. Ndugu yako Kalume anasema uko na bwana yako Nkuba, mwenye radi, na kwamba mumekasirika wote wawili. Hakuna anayesema uko mu udongo, chini ya ndizi zangu, mahali nilipokulaza mimi. Basi nakuandikia mimi ninayejua uko wapi.

Maharagi yamekomaa. Ile mbuzi yako yenye pembe moja imezaa, na imekuwa kali, hata bwana yangu Tomasi hawezi kuisogelea. Mujukuu wako Furaha amepoteza jino la mbele, sasa akiitika "ndiyo" inatoka kama filimbi. Anakuuliza kila asubuhi. Namwambia umelala. Jana alisema, "Koko analala sana, ao mulimukasirisha?" Nikamutuma maji.

Nina hasira, Mama. Nakuambia mapema, maana hukupenda watu wa kuzunguka zunguka.

Nilipokuwa mudogo kule Ntoto, nilifikiri kila mutoto ana mama mwenye bwana asiyeonekana. Ulinieleza mwenyewe: ulikuwa musichana wa kuugua ugua, wakaenda kwa mupiga ramli, akasema Nkuba anakutaka, ukiwa bibi yake utapona. Wakakuvika bangili ya chuma. Wakamujengea Nkuba kibanda kidogo nyuma ya nyumba ya babu, na kuku akiingia humo alifukuzwa kwa adabu, kama mugeni. Ukapona kweli. Lakini tangu siku ile hakuna mwanaume aliyeweza kutoa mbuzi za mahari kwa ajili yako. Yule aliyenizaa alikuja na akaenda zake, na mimi nikawa mutoto wa nyumba ya babu. Wenzangu wakinitania, "Papa yako iko wapi?", niliwaonyesha mawingu tu. Walinyamaza fyu! Hata mwalimu hakunigusa na fimbo wakati wa mvua.

Na radi ikianza, wengine walifunika nyungu na kujikunja pembeni. Weye ulitoka mulangoni, mikono kiunoni. "Weye! Tulia! Watu wanapumzika!" Ulimugombeza kama bwana aliyerudi amelewa pombe ya kasiksi. Na ngurumo ilikwenda polepole upande wa Masisi. Sijui kama ilikusikia ao ilikuwa imemaliza yake.

Siku moja nilikuuliza kama unamupenda. Ulicheka hata ukaacha kumenya muhogo. Kisha ukasema, "Mutoto wangu, nani aliniuliza?" Ukaendelea kumenya. Neno lile nilikuwa nimelisahau. Tangu ufe halinitoki mu kichwa.

Ulipokuja kukaa kwetu, ugonjwa ulikuwa umekwisha kukumaliza. Wa hospitali ya Kirotshe walifanya walichoweza, wakatuambia ukweli bila kuficha: mumurudishe nyumbani, apumzike karibu na watoto. Nilikupikia uji wa mahindi, ukanywa vijiko viwili, ukasema mulima huu una baridi ya bure. Ulikuwa ungali weye.

Asubuhi ile ulipoanza kuondoka, Papa Yeremia akaingia na chupa ya maji. Alikuinamia kwenye sikio: "Unamukataa Shetani?" Ulikuwa unapumua tu, Mama. Kupumua tu, na shida. Yeye akageuka kwetu na uso wa furaha: "Amekubali!" Akakumwagia maji, akakuita Maria. Weye uliyekataa hata kuitwa Mama Monika, kwa jina langu, ukasema una jina lako na halijachakaa. Mungu yule nilimupokea kwa mapenzi yangu, unajua hivyo, nasali mpaka leo. Lakini asubuhi ile niliona haya kwa ajili yake.

Ulikata roho kabla maji hayajakauka kwenye paji la uso.

Wakati tunalia, Kalume akatokea na wanaume wawili. Alikuwa amekwisha kusikia uko karibu kufa, akaomba karatasi ya ruhusa ya kusafiri, akatembea kutoka Ntoto. Nilimukimbilia nikifikiri amekuja kulia nami. Hakulia. Alisimama mulangoni akasema bibi ya Nkuba hazikwi na watu wa sala, radi itachoma kilima kizima. Maiti irudi Ntoto. Papa Yeremia akasema hakuna bibi ya Nkuba hapa, kuna Maria, na Maria anaenda mu makaburi ya Wakristo, ila kwanza chuma kile cha kipagani kitolewe mukononi. Kalume akaruka: "Bangili haitolewi hivi hivi! Inatolewa kwa mukubwa inavalishwa mudogo."

Akamuangalia Furaha.

Mutoto alikuwa amekaa kwenye kinu, anakula ndizi. Mama, hapo njo nilielewa. Hakuwa amefuata maiti. Nkuba amebaki bila bibi, na nyumba ya babu inamutafutia mwingine, na mwingine ni huyu wangu mwenye mafua na ndizi mukononi.

Waligombana mpaka jua likapanda. Huyu anataja Mungu Baba, huyu anataja Nkuba, wanaonyeshana vidole usoni. Walikuwa wanagombania jina lako, na inzi wamekwisha kufika kwenye macho. Tomasi wangu, mwanaume wa kubeba magunia ya pareto bila kuguna, alikaa kwenye mawe na kuangalia miguu yake. Anaogopa kuungua na radi, anaogopa kuungua jehanamu, basi akakaa. Hata sasa nikimupa chakula nakumbuka yale mawe.

Njo jirani yangu Daforoza akaja, yule uliyekuwa unamucheka kwa sababu ya Kinyarwanda chake. Alikuwa na majembe mawili. Akasema, "Wanaume wakimaliza maneno, mama atakuwa ameoza. Simama twende." Unajua kwetu mwanamuke hachimbi kaburi. Tulichimba. Tulichimba mu shamba langu la ndizi, mahali hakuna padri wala mupiga ramli aliyewahi kupabariki, udongo ukatuingia mu nywele. Daforoza alikuwa anasema ili nisianguke. Akaniambia kwao pia yuko mumoja kama Nkuba, Ryangombe, anakaa juu ya volkano, anapenda pombe ya ndizi. Mama ya Daforoza alikuwa anamutengea pombe hata mwaka wa njaa, na watoto wanatazama. "Na nani alikuwa anakunywa?" nikauliza. "Eh! Baba mukubwa. Yeye njo alikuwa anasema kwa kinywa cha Ryangombe." Tulicheka, Mama. Tulicheka ndani ya kaburi lako, kisha nikalia mpaka nikatapika.

Nimewaza sana tangu siku ile. Nkuba anataka musichana. Ryangombe anataka pombe. Wetu wa kanisa, wanasema, anataka roho yako hata kama huwezi tena kufungua mudomo. Sijawahi kusikia mumoja wao akiomba kwa sauti yake. Kila mara kuna papa fulani pembeni anayejua mungu anataka nini, na siku ya kuchimba papa yule hana jembe. Labda miungu yenyewe haina kosa. Labda nayo haikuulizwa. Sijui, nimechoka kuwaza.

Nilipokuosha, bangili ilitoka yenyewe. Miaka yote ile ilikukamata hata ikaacha alama, na siku ile iliteleza kama ya kuazima, maana mukono ulikuwa umebaki mufupa. Daforoza aliona, akageuza uso. Niliificha mu nyungu ya mbegu za maharagi. Tukakulaza mu kaburi, wao wangali wanagombana. Kalume akauliza bangili iko wapi. Iko mu kaburi, nikasema. Papa Yeremia akauliza. Iko mu kaburi, nikasema. Waliangalia udongo mubichi, wakaangaliana, na hakuna aliyeomba jembe! Huyu anamuogopa Nkuba, na huyu, na sala zake zote, pia anamuogopa Nkuba. Ni siku ya kwanza niliwaona wanakubaliana.

Lakini hawakuniacha. Papa Yeremia anasema hataandika Furaha kwa ubatizo mpaka nisimame mbele ya Wakristo niseme mama yangu alikuwa bibi ya Shetani. Sitasema. Abaki na maji yake. Na Kalume alituma neno na muchuuzi wa chumvi: mvua kubwa zikianza na Furaha hana bangili, ataugua kama ulivyougua, na safari hii hakuna atakayemuponya.

Akaugua, Mama. Homa tu, hapa kila mutoto ana homa, lakini nenda ukamuambie hivyo moyo wa mama yake. Alikuwa anawaka kama jiwe la jikoni. Nikampa kinini, nikasali rozari, kisha nikajikuta nimepiga magoti mbele ya nyungu ya mbegu, mukono ndani mpaka kiwiko. Niliishika bangili. Nikawaza: ni chuma tu, namuvalisha, anapona, basi. Hivyo njo babu aliwaza pia siku ile kwa ajili yako, sivyo? Sikumuchukia tena babu. Nilirudisha bangili mu maharagi, nikakaa na mutoto. Homa ikashuka yenyewe.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Juzi muchana mvua kubwa ya kwanza ilishuka. Daforoza alikuwa amejificha kwetu na kitunga chake. Radi ikapiga karibu, nyumba ikaruka. Nilimukumbatia Furaha, akaniteleza. Akaenda mulangoni. Akaweka mikono kiunoni, na ile filimbi ya pengo lake: "Weye! Tulia! Watu wanapumzika!"

Ngurumo ikaenda upande wa Masisi.

Mama, sijui kama ulimufundisha ulipokuwa kwetu, ao alikuona mara moja akashika. Watoto wanashika kila kitu. Lakini neno lile likitoka mu nyumba hii, likifika Ntoto, Kalume atakuja na wanaume wengi. Nilimuangalia Daforoza. Yeye alikuwa anachagua majani mu kitunga chake kama hakuna kitu. "Mimi sikusikia," akasema. "Mvua ilikuwa na kelele."

Basi nimeamua. Nikimaliza ukurasa huu naenda mu ndizi. Nitachimba kidogo upande wa mukono wako wa kuume, nitaweka bangili, na barua hii imeizunguka. Nilichowaambia kitakuwa kweli. Najua nakurudishia kitu ambacho hukukiomba. Na mimi pia sikukuuliza, njo hivyo, nimekuwa kama wao. Unigombeze kwa hilo, nitasikia. Lakini weye umemuzoea Nkuba, weye peke yako unajua kumutuliza. Umushike huko huko. Akiuliza habari ya Furaha, umwambie bado hajaulizwa.

Nakuahidi, Mama: siku ya kuulizwa, akitakwa na Nkuba, ao na Yesu, ao na kijana mumoja wa Kirotshe mwenye baiskeli, ataulizwa yeye mwenyewe. Awe muzima, amesimama, na kinywa kinachoweza kusema hapana. Mpaka siku ile mimi nakaa mulangoni.

Lala sasa. Mbuzi nitakutunzia, hata kama ni kali.

Ni mimi Monika, mutoto wako. Si wa mawingu. Wako.